KILIO CHA MTOTO AACHWAPO

Mazungumzo kwa wazazi Waislamu wa Busia na Tororo

  

Jambo litakalozungumzwa hapa ni dogo kwa sura yake, wala halijazoea kuitiwa mkutano. Mikutano huitwa kwa ajili ya paa la msikiti, kiwanja cha makaburi, au karo za madrasa. Hili ni kilio cha mtoto mdogo aachwapo na mzazi wake, kilio kisikiwacho kila siku mpaka watu hawakisikii tena.

Katika mji wa Busia, mara baada ya adhana ya alfajiri, barabara iendayo mpakani huwa imekwisha kuamka. Wapita akina mama wenye mafungu ya maharage na mahindi, wengine wamechukua trei za mayai, wengine magunia ya dagaa, ambao upande wa Uganda huitwa mukene na upande wa Kenya omena. Wanakwenda kuuza ng'ambo na kurudi jioni, na wengi wao wameacha nyumbani mtoto aliyelala. Mama huyo ametoka kwa kunyata. Amevua ndala akazishika mkononi, ameondoa komeo polepole, ameurudisha mlango bila ya kuufunga ili usilie. Mtoto aamkapo hupapasa mahali pa mama akakuta pamekwisha kupoa. Hulia, huchungulia nyuma ya pazia, hukimbilia mlangoni, mpaka jirani aje kumbeba. Na majirani hawakosi neno: "Huyu amedekezwa."

Neno hilo ndilo lifaalo kuchunguzwa, maana si la kweli, na madhara yake si madogo.

Mtoto mchanga wa miezi mitatu au minne humkubali kila amchukuaye kwa upole. Afikapo miezi sita, saba au minane, hugeuka. Aliyekuwa akimchekea kila mtu sasa humtazama mgeni kwa mashaka, akajificha begani kwa mama. Na mama akitoka kwenda uani tu, nyumba hujaa kelele. Hali hiyo huzidi nguvu kati ya miezi 10 na miezi 18, kisha hupungua kidogo kidogo, na kwa watoto wengi huwa imetulia wafikapo miaka mitatu. Wazazi wengi hudhani mtoto amerudi nyuma, ilhali kwa hakika amesonga mbele. Akili yake imekua hata akajua kwamba mama ni mtu mmoja asiye na badala, na kwamba akiondoka machoni yuko mahali fulani pengine. Lakini bado hajajua saa. Hajui "jioni" ni nini, wala "kesho," wala "soko likiisha." Kwake yeye aliyeondoka ameondoka. Basi kilio hicho si ukaidi. Ni hoja ya mtu mwenye nusu ya elimu, naye adai nusu iliyobaki.

Yafaa ijulikane kwamba sehemu kubwa ya maarifa hayo ilipatikana katika nchi hii hii ya Uganda, safari ya kilomita 200 na zaidi kutoka Tororo. Mwaka 1954 bibi mmoja mtaalamu wa elimu ya nafsi, Mary Ainsworth, alifika Kampala pamoja na mumewe, akafanya kazi chini ya Taasisi ya Afrika ya Mashariki ya Utafiti wa Jamii iliyokuwapo Makerere. Alikuwa amesikia habari ya desturi ya zamani ya Waganda: mtoto alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi yake akae huko mpaka alisahau. Akataka kuona mtoto huwaje siku zile. Alipofika vijijini alikuta kwamba wengi wamekwisha kuiacha desturi hiyo. Basi akabadili shauri, akawa akizitembelea nyumba 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya majuma mawili, kwa muda wa miezi mingi, akiwa na mwanamke mwenyeji aliyemfasiria Kiganda. Hakuwa na chombo wala mashine. Alikaa mkekani, akatazama ni nani hulia, hulia lini, na hunyamazishwa na nani.

Aliyoyaona aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967, na tangu hapo wataalamu wa dunia nzima wameyategemea. Watoto waliojibiwa upesi na mama zao walipolia, ambao mama zao waliwajua vizuri hata wakaweza kumweleza mgeni mambo madogo madogo ya tabia zao, hao ndio waliolia kidogo. Walitambaa mbali na mama kwenda kuchezea vyungu na kuku, kisha wakageuka kumtazama kama bado yupo, wakaendelea. Wale ambao mama zao walikuwa na mashaka mengi, au waliwaacha walie peke yao muda mrefu, ndio waliong'ang'ania na kulia hata walipokuwa mikononi mwa mama. Na wala kuwapo kwa walezi wengi nyumbani, shangazi, dada na bibi, hakukuonekana kuwa ndiko kunakoharibu. Kwa maneno mengine, mtoto aliyeshiba mama ndiye amwachiaye mama aende. Majirani wa Busia walikuwa wamelishika jambo hilo kwa mkia.

Waislamu hawakuhitaji kungoja mwaka 1954 ili waelezwe kwamba kilio cha mtoto ni kitu cha kusikilizwa. Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala naye amenuia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuchelea kumtia mama yake taabu. Swala ya jamaa, imamu wake akiwa ni Mtume mwenyewe, ikafupishwa kwa ajili ya sauti ya mtoto iliyotoka safu za nyuma. Ni vyema wakumbuke hayo wale wazee wawakemeao akina mama msikitini. Imepokewa tena kwamba katika safari moja masahaba walichukua makinda ya ndege mdogo, na ndege yule akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume akauliza ni nani aliyemsumbua kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Na katika Sura ya Pili ya Qur'ani, aya ya 233, jambo la kuachisha ziwa limewekwa chini ya kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama, wala haikuruhusiwa mzazi ye yote adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake.

Mtume mwenyewe aliujua uchungu huu kwa nafsi yake. Baba alifariki kabla hajazaliwa. Alikuwa na miaka sita mama yake Amina alipofariki mahali paitwapo Abwaa, njiani kati ya Madina na Makka, akarudishwa mjini na Umm Ayman, yule mwanamke wa Kihabeshi. Miaka miwili baadaye akamfiwa babu yake, Abdul Muttalib. Ndipo wapokezi wa sira wasimuliapo kwamba Abu Talib alipokuwa akijitayarisha kwenda Shamu na msafara wa biashara, kijana yule, ambaye umri wake watajwa kuwa miaka 9 au 12, alimshika asimwachie. Abu Talib alikuwa mtu wa biashara, na safari ilikuwa ya jangwani, ya majuma mengi. Angeweza kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba mvulana mkubwa hafai kulia. Akamhurumia, akamchukua. Na Umm Ayman yule hakutoweka maishani mwake. Mtume alimheshimu mpaka mwisho, akimhesabu kuwa ni mama baada ya mama yake. Mlezi akaaye ni neema kubwa kwa mtoto. Nyumba ibadilishayo yaya kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu ya ugomvi wa mshahara au wa sukari iliyopungua, humfisha mtoto mlezi mara nne kwa mwaka, wala hakuna aendaye kumhani.

Sasa irudiwe habari ya mama wa alfajiri. Kwenda sokoni hakukatazwi, na chakula cha mtoto chatoka huko huko. Kosa liko katika kule kunyata. Mama hunyata kwa huruma, hataki kukiona kile kilio. Lakini mtoto aliyeamka mara mbili tatu akamkosa mama hujifunza kwamba usingizi ni hatari, na tangu siku hiyo hulala jicho moja, ameishika nguo ya mama mkononi. Mwingine hudanganywa waziwazi: huambiwa mama anakwenda kumnunulia andazi na kurudi sasa hivi, na mama asirudi mpaka jua limetua. Iko hadithi aliyoipokea Abu Daud kuhusu mama mmoja aliyemwita mwanawe mdogo aje ampe kitu. Mtume, aliyekuwa amekaa nyumbani mwao, alimwuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kwamba ni tende, akaambiwa kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uwongo. Basi uwongo wa andazi nao ni uwongo, na mtoto huutambua kabla ya kujua jina lake.

Njia iliyo nzuri ni ngumu kwa dakika tano na nyepesi kwa miaka mitano. Mtoto aamshwe, au aagwe usiku kabla ya kulala na tena asubuhi. Aambiwe kweli: mama anakwenda sokoni, utabaki na shangazi, mama atarudi. Maneno yawe machache na yawe yale yale kila siku, maana mtoto huyashika kama dua. Asiambiwe saa kumi, kwa kuwa hajui saa. Aambiwe baada ya adhana ya alasiri, au baada ya magharibi. Mtoto wa nyumba ya Kiislamu amebahatika, kwa kuwa mchana wake umekatwa vipande vitano na sauti aisikiayo kwa masikio yake. Iko nyumba mjini Tororo, karibu na msikiti, ambamo mtoto wa miaka mitatu husikia alasiri akaenda mwenyewe kukaa kizingitini. Lakini ahadi ikifungwa na adhana, itimizwe. Na siku mama atakapocheleweshwa mpakani, apige simu amwambie mlezi, na mlezi amwambie mtoto. Waweza pia kuachwa ule mtandio au leso aliyojifunga mama usiku. Ina harufu yake, na harufu haidanganyi.

Ataaga, na mtoto atalia. Mama asirudi mara tatu mlangoni, wala asionyeshe uso wa msiba. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno yake. Akiona mama ana hofu, huamini kwamba kweli kuna la kuogopwa.

Hapa ndipo palipo na kosa jingine, zito kuliko la kunyata, nalo ni vitisho. Mtoto akikataa uji huambiwa ataachwa. Akichafua nguo huambiwa atapewa askari wa mpakani amchukue, au atatiwa ndani ya lori liende naye Mombasa. Mzazi amesema kwa mzaha na amesahau. Mtoto wa Busia huyaona malori hayo kila siku, humwona na askari, wala hana sababu ya kudhani kwamba baba yake hasemi kweli. Katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaqub aliwaambia wanawe kwamba achelea mbwa mwitu asije akamla ndugu yao. Nao waliporudi jioni wakilia walikuja na mbwa mwitu yule yule. Wako wafasiri walioona humo onyo kwa wazazi juu ya maneno watiayo vinywani mwa watoto. Hofu nyingi za mtoto wa miaka minne ni mbwa mwitu waliotajwa kwanza na mkubwa wake.

Nchi hii ina sababu zake za kutengana, zaidi ya nchi nyingine. Kabla ya mwaka 1902 ardhi hii, mpaka kufika Naivasha, ilihesabiwa ni Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya, na Wasamia na Iteso wakajikuta wana serikali mbili na mashangazi wa ng'ambo. Watu wakazoea kuvuka. Hata jina la bodaboda lasemekana lilizaliwa hapa, kwa wale waendesha baiskeli waliowachukua wasafiri kutoka mpaka huu hadi ule. Lakini mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, watu walizuiwa kuvuka na malori ya mizigo pekee ndiyo yaliyopita. Wako watoto waliokwenda kumwamkia bibi ng'ambo kwa siku mbili wakakaa miezi. Shule nazo zikafungwa. Upande wa Kenya zilifunguliwa kwa watoto wote Januari 2021. Upande wa Uganda, ingawa madarasa mengine yaliitwa katikati, wote hawakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda uliohesabiwa kuwa mrefu kuliko wa nchi yo yote duniani. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu wakati zilipofungwa alikuwa na mitano zilipofunguliwa, naye hajapata kuachana na mama yake hata asubuhi moja. Waalimu walioona watoto wale wakishika nguzo za lango walidhani ni utovu wa adabu wa kizazi kipya.

Kuna watoto wengine wapelekwao bweni wakiwa na miaka mitano au sita, na wengine kwenye madrasa za kulala, mbali na kwao. Wazazi hufanya hivyo kwa nia njema, ili mtoto ahifadhi Qur'ani mapema au apate Kiingereza kizuri. Nia haipingwi. Bali umri ndio wa kuzingatiwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitangaza shauri la kuondoa mabweni kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tisa, na mabishano mengi yakazuka.  Mtaalamu Mwingereza John Bowlby, aliyeiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 taarifa iliyojulikana sana juu ya watoto waliokosa mama, naye alikuwa amepelekwa bweni utotoni. Na katika siku hizo hizo mahospitali mengi ya Uingereza yaliwaruhusu wazazi kumwona mtoto mgonjwa siku chache tu katika juma, kwa kuwa watoto walilia wageni walipoondoka, na wauguzi walipenda wodi iliyo kimya. Ilihitaji miaka mingi ya kubishana, na sinema aliyoipiga James Robertson mwaka 1952 ya mtoto wa miaka miwili kitandani hospitalini, ndipo milango ikaanza kufunguliwa. Mama wa Tororo aliyetandika mkeka chini ya kitanda cha mwanawe wodini, akiwa na chupa ya chai na sufuria, alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo wenye elimu walikuwa bado wanakwenda.

Yapasa pia kutofautisha kilio cha desturi na kile kilicho maradhi. Mtoto wa miaka saba au minane ambaye kwa zaidi ya majuma manne hawezi kulala peke yake, aumwaye tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi, aulizaye kila wakati kama mama atakufa, au amfuataye mzazi mpaka mlango wa choo, huyo hafai kupigwa, wala hafai kuachwa nyumbani tu. Kila siku abakiyo nyumbani hofu hukua. Apelekwe kwa mganga wa hospitali, na mwalimu aambiwe. Dawa yake kubwa ni kuzoezwa kidogo kidogo: leo mzazi akae darasani, kesho barazani, keshokutwa langoni, na asitoweke hata siku moja bila ya kuaga. Akisomewa dua na mzazi wake ni kheri na utulivu. Kumtundikia hirizi saba na kumwacha na hofu yake si matibabu.

Limebaki la wale waendao mbali. Akina mama wengi wa Uganda na Kenya wamekwenda Saudia, Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani kwa mikataba ya miaka miwili, wakaacha watoto kwa bibi zao. Fedha waletazo zimejenga nyumba na kulipa karo, wala hakuna wa kuwalaumu. Lakini siku ya kurudi huwa na jambo ambalo hawakuonywa. Mama ashuka garini, amekuja na sanduku, ameota siku hiyo usiku baada ya usiku. Na mtoto, aliyekuwa na mwaka mmoja na sasa ana mitatu, hujificha nyuma ya bibi asitake kumtazama. Mama hulia kwa fedheha. Wengine hukasirika, wakamshuku bibi kwamba amemfundisha mtoto chuki, na wengine siku ya pili humchukua mtoto kwa nguvu wakaenda naye mjini Busia au Kampala.

Mtoto yule hakumsahau mama. Alilia siku za kwanza, akangoja, akanyamaza, na kunyamaza kule kukawa kama ukuta alioujenga ili aweze kuishi. Ukuta haubomolewi kwa siku moja. Mama mwenye busara atakaa chini karibu naye bila ya kumkamata, atapika pamoja na bibi, atamwachia mtoto aje mwenyewe kuangalia lililomo sandukuni. Akija akarudi mbio, amwache. Akimpiga kwa hasira zisizo na sababu, kama wafanyavyo wengi wanapoanza kuamini tena, avumilie. Wala asimwondoe bibi, maana hiyo ingekuwa kumfiwa mama mara ya pili. Siku mtoto atakapokubali kumfuata mama mpaka kisimani, bibi na atoke asimame uani, mahali ambapo mtoto akigeuka nyuma atamwona.